Kuku Aliyetoka Chini ya Kuni

Ninyi batoto munaosoma hii, mucheke upesi mumalize, juu mimi koko, bibi yenu, aibu ya ile siku ninayo mpaka leo, na hapa Butembo batu hawasahau.

Mama yangu kule Luofu alinifundisha: ukiokota mayai, acha moja kwenye kiota, kuku arudi kutaga pale pale. Nilijua, mais binti yangu wa Beni alikuwa amezaa, nikataka kumutumia mayai mengi, donc asubuhi moja nikaokota yote, hata lile la kuacha. Toka pale kiota kitupu. Siku zikapita, halafu kuku mwenyewe akapotea. Jioni wenzake wanapanda kwenye muti kulala, yeye hapana. (Kutafuta sikutafuta. Mugongo unauma kuinama, ulimi hauumi.)

Mutu aliyeingia kwangu kila jioni ni mumoja tu, jirani yangu Mama Kahindo. Tangu muzee wangu, baba ya batoto, afariki, ni yeye anakuja kuota moto na mimi, tunamenya maharagwe, tunanyamaza pamoja. Nikaamua moyoni kwamba mwizi ni yeye. Sikumuuliza kitu, nikawa namujibu kwa kifupi, mpaka akaacha kuja.

Majuma matatu toka kuku apotee, shirika letu la kanisa likaja kusali kwangu, uwanja umejaa. Tulipofika pa kupeana amani, Mama Kahindo akaninyooshea mukono. Nikaficha wangu mugongoni.

"Mukono uliobeba kuku yangu, mimi siushiki!" (Kusema polepole sijui.)

"Kuku gani, Mama Masika?"

"Ile unajua!"

Hapo hapo, chini ya kuni zangu za akiba, tukasikia piu, piu. Kuku akatoka, amekonda, manyoya yamesimama, batoto tisa nyuma yake, akapita katikati ya miguu ya batu kama mwenye nyumba.

"Koko, mwizi ni ule! Amekuja kuungama na batoto wake!" kijana mumoja akasema, na balicheka mpaka sala ikakwama.

Mama Kahindo hakucheka. Alifunga kitenge chake vizuri, akasema, "Ungeniuliza, tungemutafuta pamoja." Akaenda.

Kesho yake nilimufuata kuomba samahani, mimi nisiyeomba mutu samahani. Alisema imeisha. Tunasalimiana njiani, mais kwangu hapana kuja tena. Naota moto peke yangu, na kunyamaza peke yako ni kazi.

Bajukuu zangu nimewaamuru: kila jioni muweke viti viwili kwenye moto, na mutu asikalie kile cha pili.