Migomba Iliyozunguka

Kazi yangu ni kuangalia juu. Naingia kwenye mashamba ya watu Lufingo na Kawetele, nasimama chini ya mgomba, nainua uso, natazama mkungu. Ndizi ikiwa bado na pembe, iachwe. Ikishajaa na kuviringika, ikatwe leo leo, maana ikichelewa itaivia kwenye lori kabla halijafika Dar, na tajiri wangu mwenye hilo lori atanipigia simu nisikie hata yale asiyothubutu kumwambia mkewe. Nimeanza kazi hii mtoto wangu wa mwisho akiwa mgongoni, na sasa ana ndevu. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Wilaya nzima hakuna mwenye jicho kama langu.

Sasa jicho hilo siku moja likainuliwa, na migomba yote ikaanza kucheza ngoma.

Ilianzia kwa bibi mmoja wa Lufingo ambaye nanunua kwake miaka yote. Alikuwa amenitajia bei ya mkungu mkubwa, nami nikainua uso niukague. Shamba zima likazunguka. Nikaukumbatia mgomba, nikateleza nao hadi chini kwenye matope. Bibi akanitazama, mikono kiunoni.

"Acha maigizo, mwanangu," akasema. "Kama bei kubwa, si useme tu!"

Nilitaka kumjibu, ila nilikuwa nimeishikilia ardhi isinikimbie. Baada ya muda mfupi kizunguzungu kikapita, nikainuka, nikadai nimeteleza. Wiki iliyofuata nikaanguka tena, safari hii nikatapika pia, na bibi akaamini. Akapunguza bei bila kuombwa, akaniletea kigoda. Tangu hapo kila nikifika nakuta kigoda kinanisubiri. Jamani, nilikichukia kigoda kile!

Nikaanza kuhangaika. Duka la dawa pale Msasani ya kwetu, si ile ya Dar, wakasema malaria, nikapima, hakuna. Presha nikapimwa mpaka mkono ukachoka, iko sawa. Jirani akasema damu imepungua, nikanywa rosela hadi ulimi ukabadilika rangi. Mama mkwe yeye alifurahi. Nikigeuka kitandani dunia inazunguka, asubuhi natapika, kwa hiyo kwake jibu lilikuwa jepesi: mimba. Mimi, mwenye wajukuu! Akanipikia uji wa ulezi, akanikataza kubeba ndoo. Uji niliunywa, kwa nini nisinywe? Mume wangu ndiye alikuwa anatembea nyumbani kama mtu aliyeshtakiwa.

Tulicheka, lakini mimi nilikuwa naogopa. Tajiri alishapata habari. "Mama, nakuheshimu," aliniambia kwenye simu, "ila ukianguka tena natafuta mtu mwingine. Sitaki uje kuvunjika shingo kwenye mashamba ya watu." Na nikiacha kuangalia juu, mimi ni nani? Kushona sijui, duka sina, kuku wa kufuga wananidonoa.

Ndipo nikaelekezwa kwa daktari wa masikio. Nilikataa kwanza. Masikio yangu hayaumi, yanasikia umbea wa nyumba ya tatu! Nikaenda hivyo hivyo, nimenuna. Daktari alikuwa kijana mwembamba, mpole, akaniuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza: kizunguzungu kinaanza ukifanya nini? Nikamwambia, nikiangalia juu, nikilala, nikigeuka. Akatabasamu kama mtu aliyeona mkungu uliokomaa.

Akanikalisha kitandani, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza upande, akaniangusha chali hadi kichwa kikaning'inia. Weee! Chumba kikapaa. Nikapiga kelele, nikalikamata koti lake, nikamwita jina ambalo siliandiki hapa, kwa Kinyakyusa, na kwa jinsi nesi alivyocheka nikajua ameelewa. Daktari hakuniachia. Akasubiri, akageuza kichwa upande wa pili, akanilaza ubavu, akaniinua taratibu. Kisha akanieleza: ndani ya sikio kuna chembe ndogo sana zinazosaidia mwili usipepesuke. Zangu zilitoka mahali pake, na kila nikiinua kichwa zinabiringika. Amezirudisha. Zikitoka tena, nirudi.

"Basi? Hakuna vidonge?"

"Hakuna, mama."

Miezi yote ile, uji wote ule, kumbe vichangarawe! Nilicheka mpaka nesi akanishika mkono, akidhani kizunguzungu kimerudi.

Siku chache baadaye nikapanda Lufingo kwenye manyunyu. Bibi aliponiona tu akatoa kigoda. Nikakipita. Nikasimama chini ya mkungu, mkono mmoja umeshika mgomba, nikainua uso.

Mkungu ukatulia. Nikaachia mgomba, bado umetulia. Mvua ikaniingia machoni na mdomoni, nami natazama tu. Nikahamia mgomba wa pili, wa tatu, nacheka peke yangu kama mwehu.

"Leo huanguki?" bibi akauliza.

"Sianguki, bibi!"

"Ndaga fijo, Mungu wangu, asante," akasema, kisha akakiokota kigoda chake. "Basi bei irudi palepale."

Nikamlipa bila kubishana, kitu ambacho sijawahi kumfanyia mtu yeyote. Simu ikaita. Tajiri.

"Uko wapi, mama?"

"Niko shambani. Naangalia juu."

"Gari lije lini?"

"Kesho," nikamwambia, nikakata simu, nikaangalia juu tena, na mgomba wenyewe haukuwa hata na mkungu.