Nilivyofaulu sapu ya anatomy kwa moyo wa mbuzi wa Iddi na birika la Mama Zuhura

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika huku nacheka peke yangu, mkiona herufi zimerukwa mnisamehe. Hii ni kweli tupu. Asiyeamini afike mtaani Rwezamenyo, Kigali, aulize kwa Mama Zuhura.

Mimi ni Mnyarwanda niliyekulia Bukoba, sasa nasoma unesi hapa Kigali. Mwaka wa kwanza niliangukia pua kwenye Anatomy and Physiology, nikapewa sapu, yaani mtihani wa marudio. Nikifeli tena, chuo kinaniaga. Ndoto ya unesi kwisha habari yake.

Tatizo halikuwa uvivu jamani. Tatizo lilikuwa moyo.

Kila kitabu kinauchora kivyake. Kulia kwa mchoro ni kushoto kwako, mishale ya bluu, mishale myekundu, mimi katikati natoka jasho.

Nikashusha PDF hadi simu ikajaa. Video nikaangalia mpaka bando likakata. Nikaweka app yenye moyo unaozunguka. Ukazunguka, na mimi nikazunguka nao.

Chuoni kuna moyo wa plastiki mmoja tu. Ukiushika kidogo, mwenzako anakohoa nyuma yako.

Basi, Iddi ya kuchinja ikakaribia. Mama Zuhura ni mwenye nyumba wangu, fundi cherehani, Mwislamu toka enzi za bibi yake, na Kiswahili chake amekichanganya na Kinyarwanda. Mimi mlokole wa kupiga makofi. Tunaishi ua mmoja kama ndugu.

Nikiwa nafua, wazo likanijia: si mbuzi naye ana moyo wa vyumba vinne? Niliacha nguo kwenye beseni nikamkimbilia.

"Mama, mkichinja naomba moyo na mapafu. Ni vya kusomea."

"Ni hiyo tu? Yego mwana wangu, iko yako."

Wakuu, nilirudi kufua naimba.

Siku ya Iddi nikaletewa sahani imefunikwa vizuri. Nikafunua. Pilau! Na juu ya pilau, moyo wangu wa kusomea: umekatwa vipande vidogo, umekaangwa na vitunguu na ndimu.

(Nilikula. Msiniulize. Kile chumba cha juu kulia kilikuwa kitamu.)

Sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo nikaweka ndizi mbivu nikampelekea. Nikamweleza taratibu kwamba nilitaka moyo mbichi, mzima, na mapafu yake yakiwa yameshikana nao.

Mama Zuhura akashika mdomo. "Mbichi? Sha, mimi nipatie jirani nyama mbichi na mapafu siku ya Iddi? Watu watasema nini?"

Kumbe alinikatia kwa heshima! Alichagua kisu chake kizuri kabisa. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Bahati nzuri Iddi ile haiishi siku moja. Shemeji yake alikuwa na mbuzi wa kesho yake, na Mama Zuhura akampigia simu palepale kama anaagiza dawa: "Usikate kitu! Muganga wetu iko anasoma!"

Kesho yake beseni likaingia kutoka machinjioni. Moyo, mapafu, bomba la hewa, vyote vimeshikana. Jamani, niliruka kama nimeletewa posa.

Wapangaji wote wakatoka. Nikachomeka mrija kwenye bomba la hewa nikapuliza. Mapafu yakavimba, yakageuka waridi, mbele ya macho yetu!

"Mana we! Ibihaha inapumua!" alipiga kelele Mama Zuhura, akiyaita mapafu kwa Kinyarwanda, akarudi nyuma akakanyaga ndala zangu. Halafu akasema, "Rudia."

Nikarudia. Nilirudia mpaka kichwa kikawa chepesi.

Kisha moyo. Nikaanza kuelezea: damu inaingia hapa, inashuka hapa, inakwenda kwenye mapafu, inarudi huku, inatoka kwa mshipa huu mnene kwenda mwilini. Najisikia profesa. Mama Zuhura akanisimamisha.

"Ngoja. Hii mshipa iko wazi. Damu ikitoka juu, ni nini inaizuia kurudi chini?"

Jina la valvu, kile kilango cha moyo, nilikuwa nalo, nimelikariri. Lakini inazuiaje? Sikuwa najua, wakuu. Na swali hilohilo ndilo lililoniangusha mtihani wa kwanza.

Nikasema, "Tuijaribu." Tukauosha moyo ndani mpaka mabonge ya damu yakaisha. Akaleta birika lake la chai, lina maji ya baridi. Nikashika mshipa mnene wima, yeye akamimina.

Maji yakajaa. Yakasimama. Hayakushuka!

Tukachungulia. Vile vipande vyembamba vya valvu vilikuwa vimefunguka kama mifuko midogo ya shati, vimejaa maji, vimebanana. Fundi cherehani akasema "mfuko!" na mimi nikasema "mfuko!" kwa pamoja. Ua mzima ukapiga makofi.

Siku ya sapu mwalimu akaweka moyo wa plastiki mezani. "Eleza kwa nini damu hairudi nyuma."

Nilicheka. Kwa sauti. Ikabidi niombe radhi kwanza ndipo nijibu.

Matokeo yalitoka nikiwa uani naanika. Nilipiga yowe. Mama Zuhura akatoka mbio, sindano bado iko mdomoni, akaitoa, akanishika mabega:

"Tumeshinda?"

Hakuuliza kama nimeshinda mimi. Hapo ndipo nilipolia, wakuu, nikiwa bado nacheka.

Nilichojifunza: kitabu hakikuulizi "inazuiaje?" Tafuta mtu wa kukuuliza, hata kama hajui jibu. Hasa kama hajui jibu.

Haya, na nyie mlielewa moyo kwa njia gani? Tupieni hapa chini. Ila PDF msinitumie, simu bado imejaa.