Mguu wa Kushoto wa Shemeji

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, anaitwa Dereva. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, tena zuri, lakini hata mama yao mzazi alimwita Dereva, na ukimwita kwa jina la kwenye cheti huendelea tu kutembea. Hakuoa. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia gari moja linamtosha kwa kelele.

Gari lenyewe ni pikapu ya karakana yetu ya samani. Marehemu aliinunua kabla hajanioa, na kwa jinsi alivyokuwa akiiosha nilijua mapema kwamba mimi ndiye mke mdogo. Aliyeiendesha tangu ujana ni shemeji. Hajawahi kuendesha gari lingine, wala hajawahi kulitamani. Kwenye milango yote miwili limeandikwa jina la ukoo wetu kwa rangi nyeupe, kwa hiyo pikapu ikifuka moshi, ni ukoo unaofuka moshi. Ikisukumwa, ni ukoo unaosukumwa. Mimi, mkaguzi wa shule mstaafu, niliyewahi kumrudisha mwalimu mkuu nyumbani akabadili soksi, nimeisukuma nikiwa na viatu vya kisigino, huku nikiwasalimia wapita njia kana kwamba tumekubaliana kufanya mazoezi.

Injini ilipopasuka, mwanangu, ambaye ndiye msimamizi wa karakana siku hizi, alitaka tuiuze kama chuma chakavu. Nikakataa. Jina la ukoo halipandishwi kwenye mizani. Nikaipeleka kwa fundi wa gereji ambaye wateja humwita Bwana Kesho, maana ahadi zake wanazijua. Akapata injini ya kisasa, pamoja na giaboksi lake, kutoka kwenye gari jipya lililogongwa nyuma.

"Ila hii ni otomatiki, Mama. Inabadili gia yenyewe, haina klachi."

"Weka," nikasema, kwa sauti ya mtu anayeidhinisha mtaala. "Tusibaki nyuma."

Shemeji sikumuuliza. Mkaguzi haulizi, anakagua.

Bodi ikanyooshwa, kutu ikakwanguliwa, sakafu ikakatwa ili giaboksi lipate pa kukaa. Kanyagio la klachi likang'olewa na kutupwa kwenye kona ya vyuma. Yale maandishi ya mlangoni fundi rangi aliyapitia kwa brashi ndogo nikimsimamia. Baadaye alilalamika kwamba nilimsimamia karibu mno, na nadhani alikuwa na hoja, kwa sababu nilirudi nyumbani na rangi nyeupe puani.

Siku ya kuitoa gereji, shemeji alifunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Akawasha.

"Imewaka?" akamuuliza Bwana Kesho aliyekaa pembeni yake.

"Imewaka, Mzee. Hizi za siku hizi hazipigi kelele."

Ikatoka getini taratibu, mimi nikifuata kwa miguu, ikashika mwendo. Hapo mguu wa kushoto wa shemeji, ambao maisha yake yote ulikanyaga klachi kila gari lilipotaka gia nyingine, ukashuka kwa nguvu. Klachi haikuwepo. Palikuwa na breki, pana kama sinia. Gari likapiga magoti. Bwana Kesho akaibusu dashibodi.

Jirani yetu mwenye duka la vitambaa alikuwa amesimama mlangoni kwake, mahali ambapo husimama kila tunapoaibika.

"Vipi, Mama Mkaguzi, kuna mbuzi amekatiza?"

"Tunajaribu breki," nikajibu.

"Ahaa. Zinashika, nimeona." Gari likapiga magoti tena. "Na hiyo nayo imeshika."

Jioni mwanangu alizungumza nami sebuleni, akidhani chumba cha nje anakolala shemeji hakisikii.

"Mama, kioo kimoja cha kabati kikivunjika, mteja hatarudi. Nitafute dereva kijana. Baba Mdogo apumzike, atakuwa anakaa dukani kwenye kivuli."

"Akikaa kwenye kivuli tutamwitaje?"

Tulipogeuka, shemeji alikuwa mlangoni. Aliuweka ufunguo wa gari juu ya meza ya chakula, akausogeza usiguse kitambaa changu cha meza, akatoka. Hakula kwetu siku hiyo.

Nikamwomba mwanangu anipe muda mpaka siku ya kumpelekea mteja kabati la milango mitatu, lenye kioo kirefu katikati. Kisha nikamrudishia shemeji ufunguo, nikaanza kufundisha, kwa kuwa sijui kuona tatizo bila kulifundisha. Nilichora ubaoni miguu miwili. Wa kulia nikauandikia "kazini", wa kushoto "likizo". Nikamkalisha kwenye kiti cha sebuleni, kandambili mbili chini ndizo breki na mafuta. Kwenye kandambili alifaulu vizuri sana. Tukaenda uwanja wa mpira, nikakaa pembeni yake, na kila gari lilipochanganya mwendo mguu ulitoka likizo. Mkono nao ukaanza kutafuta gia mahali ilipokuwa zamani. Siku hizi mahali hapo ni goti langu.

"Shemeji!"

"Samahani, shemeji. Nilikuwa natafuta namba tatu."

Nikaweka mkoba katikati, nikaangalia kama kuna aliyetuona. Alikuwepo yule jirani wa vitambaa, anakatiza uwanja na mizigo yake. Akaja mpaka dirishani, akachungulia miguuni mwa shemeji.

"Kumbe makanyagio mawili tu! Hili si ndilo gari la watu wasiojua gari?"

Ningekuwa mwanamke mwenye busara ningempuuza. Nilikwenda moja kwa moja gereji.

"Kanyagio la klachi lirudi mahali pake."

"Nilifunge na nini, Mama? Klachi yenyewe haipo."

"Funga na springi. Sitaki lifanye kazi, nataka lionekane. Mtu akichungulia ahesabu matatu."

Bwana Kesho alinitazama kama mtu aliyeombwa kufunga mlango kwenye ukuta. Lakini akalichomelea, akalifungia springi ya geti bovu, na kwa mara ya kwanza katika historia yake akamaliza siku ileile.

Asubuhi ya kabati, mwanangu alipanda nyuma kushika kioo, uso umemkunjamana. Mimi mbele, mkoba katikati. Tukatoka. Gari likashika mwendo, mguu wa kushoto ukashuka, nikafumba macho.

Kimya. Tunakwenda. Mguu ulikuwa umepata klachi yake ya springi. Ukapanda. Mlimani ukashuka tena, ukapanda tena, na gari likateleza kama maji kwenye mfereji. Shemeji akaanza kupiga mluzi. Nilipofumbua macho nilianza papo hapo kupanga jinsi nitakavyoeleza kwamba hilo ndilo lilikuwa lengo langu tangu mwanzo.

Kwa mteja, kioo kilishuka kizima. Mwanangu alikipapasa pembe zote, kisha akamgeukia shemeji.

"Baba Mdogo, kesho kuna vitanda vya upande wa pili wa mji. Utaniwahi asubuhi?"

"Nimewahi kukuchelewesha?"

Tukiwa tunarudi, elimu yangu ikanishinda. "Shemeji, lazima nikwambie ukweli. Hiyo klachi haijafungwa popote."

"Najua. Niliinama asubuhi nikaangalia." Akakanyaga, akaachia, kwa adabu. "Usiuambie mguu tu."

Tukapita mbele ya duka la vitambaa. Nilishusha kioo cha dirisha kabisa, kwa ajili ya hewa.

"Na umwambie fundi aikaze kidogo," akaongeza. "Iko laini mno."

"Nitamwambia," nikasema, na nikamwambia.