Kofia ya Mtunza Ghala

Mtunza ghala la mvinyo wa kina Castaing hakuwa mtu wa kuvua kofia. Hakumvulia meya, wala kanisani hakuivua. Padri alishachoka kumkanya. Viganja vyake havikutakata wekundu wa mvinyo, na chupa kuukuu aliziamkia kabla ya kuzigusa: "Shikamoo, bibi." Siku ya kubadilisha vizibo vya mvinyo wa 1917, mwaka ambao wanaume walikuwa vitani na wanawake wakavuna zabibu peke yao, Odile, mwenye shamba, alishuka ghalani kutazama. Chupa moja ilibidi itolewe mvinyo wake ili kuzijazia nyingine zilizopungua kwa miaka. Mzee akachagua iliyojaa kuliko zote.

"Ee, mzee! Si utumie hiyo iliyopungua?"

"Mgonjwa hatoi damu, mama."

Akamimina tone kwa tone mpaka kila chupa ikajaa hadi shingoni. Likabaki funda moja. Odile alidhani mzee atalinywa mwenyewe, lakini akamsogezea yeye. "Onja. Bibi yako ndiye aliyewaongoza wavunaji."

Odile akaonja: cheri, moshi, udongo uliolowa mvua, vyote vingali hai. Akainua macho amshukuru. Kofia ilikuwa kwapani mwa mzee, na mbele ya Odile umeinama upara mweupe ambao pale shambani hakuna aliyepata kuuona.