Vipande vya Dunia Njiani kwenda Makobola

Nilitoka Lubarika kwa sababu shule ya Makobola ilitafuta mwalimu. Baada ya uhuru walimu wengi walikuwa wameondoka. Niliambiwa nifundishe somo moja mbele ya wazazi, ndipo wanikubali au wanirudishe. Mimi huona haya kusema mbele ya watu. Nikakata ramani ya zamani, nikabandika kila bara, na India na Madagaska peke yao, kwenye karatasi ngumu, ili mikono inisaidie kusema.

Asubuhi nilipanda kamio, lori la kubeba pamba, hadi Uvira. Huko, bandarini Kalundu, nililala kwa shangazi, muuza samaki.

"Weye hata salamu unaogopa," alicheka. "Utafundisha nani?"

Kesho yake nilitembea kando ya ziwa hadi kwenye barieri, kizuizi cha waasi walioshika njia ile. Kijana mwenye bunduki alifungua mfuko wangu, akatoa Afrika.

"Nani amekutuma kukata inchi? Unataka kugawa Congo?"

Wenzake wakanizunguka. Nilijua nikinyamaza sitafika Makobola.

"Hapana, mukubwa. Miye nafundisha. Hii yote ilikuwa inchi moja."

"Onyesha!"

Nilipiga magoti mchangani. Nikaingiza bega la Brazili kwenye kwapa la Afrika, nikasogeza India na Australia. Nikawaeleza kuwa zamani sana, kabla ya watu, vipande viligongana, milima ikakunjamana, ikawa nchi moja kubwa. Kisha ikapasuka, vipande vikasogea polepole kama ukucha unavyoota.

"Hata ziwa hili ni ufa," nikasema. "Bado unafunguka."

Mwasi mmoja aliyekuwa akinawa miguu ziwani aliruka kutoka majini.

"Kimbia, baba! Itakumeza!" wenzake wakamcheka.

Mwenye bunduki akainua Madagaska. "Na hii kitoto inalala wapi?"

"Hapa, ubavuni mwa Afrika."

Akailaza mwenyewe, taratibu. "Pita, mwalimu."

Saa nane mchana nilisimama mbele ya watoto na wazazi wa Makobola. Nikagawa vipande. Watoto wakasukumana, wakabishana, na mimi nikajikuta naongea.

"Mwalimu," msichana mmoja aliuliza, "ziwa ikifunguka, samaki itaongezeka?"

Wazazi, wavuvi wote, wakaangua kicheko.

"Itachukua miaka mingi mno," nikajibu. "Kesho mutupe nyavu tu."

Wakapiga makofi. Mkuu wa shule akaniuliza nitaanza lini.

Nilirudi Lubarika kuchukua nguo zangu, nikiimba njia nzima. Nilijifunza hili: mtu akishika kipande mkononi, mwenyewe atataka kujua kinakaa wapi. Kwa hiyo watoto wangu nawapa vipande kwanza, maneno baadaye.