Kempamma, Muuza Mwarobaini Anayeungoja Uchungu wa Jirani

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, soko la Mandya, kusini mwa India, limeshachangamka na Kempamma ameshanuna.

Anapukutisha maua ya mwarobaini juu ya gunia, jicho moja kazini, jingine kwa jirani. Kwa Bhagya, muuza sukari guru, foleni imefika hadi kwa muuza nazi.

"Mwone anavyocheka," ananong'ona. "Meno yote nje, kama mtu ambaye hajawahi kuzika."

Leo ni Ugadi, mwaka mpya, siku pekee ambayo uchungu wa Kempamma una soko. Kila nyumba humeza maua hayo pamoja na sukari guru kabla ya chakula kingine. Kuchagua hakuna, maana mwaka nao hauchaguliwi. Siku nyingine huuza miswaki ya vijiti na ndimu, akaambulia rupia mia mbili. Leo atafikisha elfu moja na mia tano.

"Yeye elfu sita," anasema kabla hajaulizwa.

Lakini wivu wa mama huyu wa miaka 54 haukuanzia kwenye mauzo. Miaka kumi na mmoja iliyopita, trekta la miwa lilitumbukia mferejini na watu tisa. Saba walitoka. Wawili waliobaki majini walikuwa mume wake na mume wa Bhagya.

Bhagya alirudi sokoni baada ya matanga akisema kila jambo lina sababu: wanawe walikuwa wapande trekta lilelile, homa ikawazuia. Kempamma hajamsamehe neno hilo.

"Kama kuna aliyepanga, huyo ni wa kuogopwa, si wa kushukuriwa. Na kama hakuna, asiniletee mtu habari za sababu. Dunia ni mwarobaini, mwanangu. Utamu ni wa kupaka juu ili ushuke."

"Sasa wewe dada," Bhagya anadakia huku akipima, "kama ni chungu hivyo, mbona unadamka kuja kuiuza?"

"Nadamka kwa sababu silali!"

"Mimi nalala."

"Najua! Ndilo linaloniua."

"Ninyi mngekuwa wake wenza," anasema Siddappa, muuza nazi, "mji mzima ungehama."

Hata hivyo, kila asubuhi Bhagya humtupia Kempamma kipande cha sukari guru cha kunywea kahawa. Kempamma hukipokea bila kushukuru.

Kila Ugadi wauzaji wa mstari huu hula bakuli moja, na mchanganyaji ni Bhagya, kwa kuwa wanasema mkono wake mtamu. Mwaka huu Kempamma aligoma: ama achanganye yeye, ama maua yake hayaingii bakulini. Akapewa.

Ametia viganja vitatu vya maua, na sukari guru ya kuhesabu punje. Wala hafichi nia yake.

"Nataka nimwone anakunja uso mbele za watu. Mara moja tu. Tulipigwa fimbo moja sisi. Kwa nini nilie mimi peke yangu?"

Saa mbili bakuli linapita. Siddappa anatema. Muuza asmini anamlaani Kempamma na ukoo wake. Bhagya anakula kijiko, anakula cha pili, anafumba macho, kisha anakwangua pembeni.

"Kuna nyingine?"

Kempamma anashika kiuno. "Hata uchungu wangu unaufaidi?"

Bhagya anaweka chini jiwe la mizani.

"Nina sukari, dada. Mwaka wa sita sasa. Daktari amenikataza hata kuonja. Miaka yote hiyo nachanganya mnakula ninyi, mimi nalamba kidole kikavu. Leo ndiyo nimefungua mwaka na wenzangu."

"Na ukanyamaza?"

"Nani atanunua sukari kwa mgonjwa wa sukari?"

Anacheka, macho yamejaa maji. Kama ni maua au ni mengine, hakuna anayeuliza. Kempamma, aliyeyangoja machozi hayo miaka kumi na mmoja, anageuka kupanga ndimu ambazo zimeshapangwa.

"Hata ugonjwa wake una utamu," ananung'unika.

Hajabadili msimamo. Dunia kwake bado ni mwarobaini, na sababu ya mfereji ule hajaiona.

"Ila mtu kucheka hivyo na mdomo mtupu, miaka sita!" anasema. "Kama ni uongo, basi nauonea wivu uongo wenyewe."

Mpango wake wa mwakani ameshautangaza, kwa sauti ya kufika kwa Siddappa: bakuli atachanganya yeye, na viganja ni vitatu vilevile.

"Na wenye kutema wateme. Mwenye bakuli lake yupo."

Kisha anachukua kile kipande cha asubuhi, anakigeuzageuza, anakitumbukiza kwenye kahawa.

"Hiki nitamlia mimi," anasema. "Mtu lazima amlie."