Aliyeongea Badala ya Umaru

Kaka yangu Umaru hakuwahi kuwa mwanajeshi hata siku moja. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu kuna watu Jinja mpaka leo wataapa kwamba alikuwa, na mimi Sofia nimechoka kuwajibu mmoja mmoja. Baba yetu, mzee Yakub, ndiye aliyefanyia jeshi kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kugonga mabati na kubadilisha mbao za malori pale Jinja, tulikokuwa tukikaa upande wa Kimaka. Bunduki alizishika pale tu zilipomzuia kufika kwenye lori. Umaru alijifunza ufundi kwake. Serikali ilipoanguka mwaka 1979, sisi Wanubi, tuliohesabiwa sote kuwa watu wa jeshi lake, hatukuulizwa nani alikuwa askari na nani alikuwa fundi. Tulikimbilia Sudan na nguo tulizovaa, na baba akafia huko. Tuliporudi, tukafikia Mbale kwa ndugu, na Umaru hakuwa na kitu ila sanduku la vifaa la baba, ufundi wa baba, na Kiswahili.

Hicho Kiswahili ndicho kilichotuponza. Nyumbani tulisema Kinubi, tukitoka nje tulisema Kiswahili, hatukuona ajabu yoyote. Lakini watu wengi wa Mbale Kiswahili walikuwa wamekisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa mtu mwenye bunduki anayeitaka saa yako. Na Umaru alikuwa na sauti nene, ya kurithi, sauti iliyozoea kushindana na nyundo.

Alikodi kiwanja Malukhu, hapo hapo Mbale, kando ya barabara, akaanza kutengeneza bodi za malori na pikapu, yaani lile sanduku la nyuma la kubebea mzigo. Mimi nikaweka meza ya chai na chapati pembeni yake. Mteja wake wa kwanza alikuwa mama mmoja mchuuzi wa ndizi kutoka Busiu, na pikapu yake sakafu ilikuwa imeoza. Umaru alitaka kujua huwa inabebeshwa mzigo gani. Basi akamsogelea, akanguruma, "Shuka chini! Fungua nyuma, nione umebeba nini!" Yule mama alishuka mikono juu, kisha akaishusha taratibu ili amkabidhi pochi. Nilicheka mpaka nikamwaga maziwa. Umaru hakucheka. Mama aliondoka na pikapu yake mbovu, na sokoni Busiu akawasimulia wenzake wote.

Hapo ndipo alipoingia Matia. Alikuwa Mugisu, mwenyeji wa Mbale, mchomeleaji wa kiwanja cha jirani, mtu mwembamba mwenye tabasamu la haraka. Alijua Lumasaba cha kwao, Luganda cha wafanyabiashara, na Kiingereza cha kutosha kuwafurahisha watu wa ofisini. Alikuwa ameliona tukio zima la mama wa ndizi, akaja akalicheka mbele ya kaka yangu mpaka Umaru naye akacheka.

"Ndugu, wewe piga tu nyundo," akamwambia. "Maneno ya watu achia mimi. Wewe ukifungua mdomo, wateja nakimbia."

Umaru aliona ametuliwa mzigo. Kuanzia siku hiyo wakaunganisha viwanja, na utaratibu ukawa huo. Gari likiingia, kaka yangu alizunguka nyuma ya lori na kuendelea kugonga. Matia alifuta mikono, akaenda kumpokea mteja. Akiulizwa jambo la kazi asilolijua, alisema ngoja nitazame kitu, akaja nyuma ya lori, Umaru akamnong'oneza, naye akarudi mbele na jibu kama amelitoa kichwani mwake. Kiswahili hakikusikika pale mbele kabisa. Ukiwa mgeni ungemwona tajiri mmoja msemaji na kibarua mmoja bubu.

Na kazi ikaja. Umaru alikuwa na mtindo wake: pembe za ndani za bodi hakuziacha kali kama mafundi wengine. Alizikunja mviringo, bati juu ya mbao za mvule, ili magunia ya mahindi yasichanike lori likirukaruka. Alikuwa amechonga kalibu za mbao nyembamba za kupimia mikunjo hiyo, kila ukubwa wa lori na kalibu yake, akazitundika chini ya paa. Wafanyabiashara wa mahindi walizipenda pembe zile kuliko walivyowapenda wake zao. Wakaja kutoka Busiu, Tororo, hata Soroti. Wote walikwenda wakisema bodi za Matia ni nzuri. Mimi niliudhika, nikasema. Umaru akanijibu, "Acha, dada. Tunakula."

Kisha katikati ya miaka ya tisini ikaja habari ya kiwanda. Wawekezaji walikuwa wamechukua maghala yaliyokufa huko Jinja, ng'ambo ya reli, na walitaka kuunganisha malori. Injini na chesisi zingetoka ng'ambo kupitia Mombasa. Vitu vingine vyote wangevitengeneza majirani: matangi ya mafuta, viti, maturubai, springi, bodi. Wangejenga mabanda kuzunguka kiwanda na kuchagua mafundi wa kuyakalia, fundi mmoja kwa kila kazi, watoke Jinja, Iganga, Tororo au Mbale. Malukhu nzima haikuongea kitu kingine. Watu waliokuwa wakiziba sufuria walianza kujiita watu wa magari.

Umaru alilitaka banda la bodi. Alilitaka kuliko nilivyowahi kumwona akitaka kitu. Haikuwa fedha, maana pale Malukhu hatukulala njaa. Jinja ndiko tulikozaliwa, ndiko tulikofukuzwa tukiitwa majina. "Nataka nirudi pale na nyundo," aliniambia. "Waone bodi, waulize ya nani, waambiwe ya Umaru wa mzee Yakub. Basi. Sitaki kingine."

Mhandisi wa kiwanda, kijana mmoja mpole aliyeitwa Conrad, alikuja kutukagua. Matia alimtembeza. Umaru alikuwa chini ya lori, misumari mdomoni. Niliona Conrad akipapasa zile pembe za mviringo kwa kiganja, akauliza kwa Kiswahili wazo hilo ni la nani.

"Ni mtindo yetu ya hapa," Matia akajibu.

Conrad alipoondoka, kaka yangu alikuja mezani kwangu akichekelea kama bwana harusi. "Umesikia? Amesema yetu."

"Mkimbilie umwambie ni wewe," nikamwambia. "Hajafika mbali."

"Nikiongea nitaharibu. Matia anajua kuongea nao."

Wakalipata. Matia alirudi kutoka Jinja akiruka, akamkumbatia Umaru hadharani, akasema tumepata, ndugu, tumepata banda. Walipanga kwamba Matia atangulie kuliweka sawa, Umaru abaki amalizie lori la tajiri mmoja wa Busiu, halafu afuate. Kaka yangu mwenyewe ndiye aliyezishusha kalibu zake kutoka darini, akazifungasha ndani ya blanketi, akampakilia Matia. Blanketi lilikuwa langu, na mpaka leo sijalipata.

Lori la Busiu likaisha. Kila dereva aliyepita alituletea neno kutoka kwa Matia: banda halijaezekwa, subiri, umeme haujafika, subiri kidogo. Umaru alisubiri huku akinoa vifaa ambavyo tayari vilinyoa nywele. Kisha dereva mmoja, bila kujua anasema nini, akatuambia kwamba bodi za Matia zinatoka kila wiki na anaajiri vijana. Umaru alisema lazima kuna sababu. Mimi nilisema sababu naijua, tukaigombanie asubuhi.

Tulifika Jinja jua likiwa kali. Sitasema uongo, palipendeza. Chesisi mpya zilikuwa zimepangwa uwanjani, hazina vichwa, na madereva waliozileta kutoka Mombasa wakiwa juu ya masanduku ya mbao walikuwa wakijipangusa vumbi. Mabanda yalizunguka kiwanda pande zote. Hapa mtu anashona viti, pale mtu anakata turubai, na nje ya geti la kijani wauza vyuma, wauza rangi na wauza chakula walikuwa wameota mji mwingine. Na mlangoni pa banda kubwa kuliko yote lilisimama lori lenye bodi mpya. Niliziona pembe za ndugu yangu kabla sijamwona Matia.

Alitoka akiwa na koti jipya la bluu. Umaru, Mungu ampe haki yake, alikuwa bado anatabasamu. Alitua sanduku la vifaa chini.

"Ndugu, nimekuja. Nianzie wapi?"

Matia hakumpa mkono. Aliangalia nyuma yake, akaona watu wanatazama, akaona na Conrad anakuja kutoka kiwandani. Halafu akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo:

"Afande, mambo ya kuingia kwa mutu na kusema hii iko yangu, hiyo ilikwisha. Siku hizi kuko sheria."

Nyundo zilinyamaza banda kwa banda. Mama mmoja muuza viazi alivuta kikapu chake karibu na miguu. Nilimwona Umaru akitafuta maneno, na maneno pekee aliyokuwa nayo yalikuwa yale yale, na sauti pekee aliyokuwa nayo ilikuwa ile ile.

"Kalibu zangu!" akanguruma. "Nipe kalibu zangu! Toa hapa, sasa hivi!"

Kila alivyozidi kupaza sauti, ndivyo Matia alivyozidi kuaminika. Watu walirudi nyuma. Ningekuwa simjui, labda na mimi ningerudi nyuma. Alikuwa mtu mkubwa mwenye Kiswahili cha amri akidai vitu vya mtu mwembamba aliyesimama na mikono mitupu. Matia alikuwa ameishi naye miaka, alijua kabisa atatoa sauti gani na atasema nini. Alimtega kwa sauti yake mwenyewe. Hilo ndilo ninalomchukia kwalo, kuliko hata banda.

Nikamwona Isabirye, fundi wa matangi. Huyu alikuwa akija Malukhu mara kwa mara kununua vyuma, akala mezani kwangu, akalala nyumbani kwetu mvua iliponyesha. Nikamwita kwa jina.

"Isabirye! Umekula chakula changu. Waambie bodi hizi anatengeneza nani."

Akainamia tangi lake. "Dada Sofia, usinitie kwa hii. Mimi kila siku niliongea na Matia."

Conrad hakuwa mtu mbaya. Alimsogelea kaka yangu polepole, akamuuliza kwa heshima, "Mzee, siku ile nilikuja kwenu Mbale. Uliniambia kitu chochote?"

Umaru akatazama sanduku lake la vifaa. Nilimpiga kiwiko. "Sema!"

"Hapana, bwana," akasema. "Sikukwambia."

Conrad akainua mabega. Matia akatoka na maneno laini sasa, Luganda tupu, akiwaambia watu yamekwisha, kila mtu arudi kazini. Nilimtukana kwa Kinubi, matusi yanayomfikia mtu na mababu zake, nikaona raha kidogo. Raha hiyo iliisha kabla hatujafika stendi.

Njiani Umaru alipakata sanduku la vifaa. Nilimwambia tutarudi na wazee, tutamwita yule tajiri wa Busiu atoe ushahidi, tutafanya hiki na kile. Halafu nikakumbuka kwamba yule tajiri naye alipatana na Matia, na salio akampelekea Matia huko Jinja. Nchi nzima ya wateja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia neno la kazi kutoka mdomoni mwa kaka yangu. Nililia kwa hasira, abiria wakidhani nimefiwa.

Pale Malukhu kiwanja kilibaki chetu. Umaru alichonga kalibu nyingine, mikono haikusahau. Kilichobadilika ni sauti. Tangu Jinja alianza kuongea chini chini, hata na mimi, mpaka nikawa namwuliza umesema nini. Nilimwambia sasa hakuna Matia, simama mbele, pokea watu, atakayekimbia akimbie. Alisema sawa, mteja wa kwanza atakayeingia atampokea mwenyewe.

Mvua za mwezi wa nne zilipoanza, mzee mmoja wa Busiu alisimamisha lori tupu mbele yetu. Alishuka akachungulia bodi iliyokuwa ikiundwa, akapitisha kiganja kwenye pembe. Alijaribu Lumasaba, akaona Umaru hamfuati, akageukia Kiswahili. Wala hakuogopa.

"Hizi pembe nilikuwa natafuta. Fundi mwenyewe iko?"

Nilikuwa nimeshika birika. Sikumimina. Nilimtazama kaka yangu, nikamwomba kimoyomoyo afungue mdomo, angurume kama baba, amtishe huyu mzee mpaka Tororo, lakini aseme.

"Mwenyewe alihamia Jinja," Umaru akasema polepole.

"Jinja wapi?"

Umaru akaweka nyundo chini, akafuta mikono, akamsindikiza mzee hadi barabarani. Nikamsikia anamwelekeza vizuri kabisa: avuke reli, apite wauza vyuma, aingie geti la kijani, aulize Matia.